Ukarabati wa rili za kuvulia: mtaji mdogo, msimu mfupi

WAFANYABIASHARA wengi wa Pwani hupanga mwaka wao kwa kufuata watalii. Bidhaa hujazwa dukani kuanzia Julai, faida huvunwa Desemba, na pepo za kusi zinaposhika kasi watu hufunga milango na kusubiri. Ipo kazi moja ndogo ambayo kalenda yake imegeuka. Fundi wa rili za kuvulia hupata kazi nyingi wakati mashua zimepandishwa nchi kavu. Anayeianza kazi hiyo katika mwezi usiofaa anaweza kukaa nusu mwaka na zana zake mpya mezani akiwa hana cha kufungua.

Wiki hii ukurasa huu unaiangalia kazi hiyo kwa faida ya msomaji mwenye akiba ndogo, mikono mizuri na chumba kimoja cha ziada nyumbani. Tunaanza na soko, kisha hesabu, kisha kazi yenyewe, na mwisho hatari zake. Mifano yetu ni ya mwambao wa Kenya, lakini mwenye kuishi Dar es Salaam, Unguja, Pemba au Mafia anaweza kuitumia kwa kubadilisha bei tu.

Rili ni kile kifaa kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kukunja na kutoa mshipi. Ndani yake mna gia, beringi, springi na breki. Breki ndiyo roho ya rili. Nduaro au jodari mkubwa anapokimbia na chambo, breki huuachia mshipi utoke kwa ukinzani uliopimwa, ili samaki achoke na mshipi usikatike. Breki ikishika ghafla, mshipi hukatika. Ikiteleza, samaki haondoki na uchovu wowote. Mtalii aliyelipia siku nzima baharini hatakumbuka uzuri wa mashua wala chakula chake. Atakumbuka samaki aliyempoteza. Nahodha anajua hivyo, na ndiyo sababu yuko tayari kulipa.

Soko liko wapi

Jambo la kwanza la kuepuka ni kuhesabu wavuvi. Ukisimama ufukweni Malindi au Shimoni alfajiri utaona ngalawa, mitumbwi na mashua nyingi, na unaweza kudhani kwamba soko ni kubwa. Wengi wa wavuvi hao hutumia nyavu, madema na mshipi wa mkono. Hawana rili, kwa hiyo si wateja wako.

Wateja wako ni wa namna nne. Wa kwanza ni wenye mashua za kukodisha kwa uvuvi wa michezo, ambazo hupatikana Watamu, Malindi, Kilifi, Mtwapa, Diani na Shimoni. Wa pili ni watu binafsi wenye mashua zao, wanaovua mwisho wa wiki. Wa tatu ni mahoteli yanayowaazima au kuwakodisha wageni vifaa vya kuvulia. Wa nne ni wale wanaovua kutoka mwambani au kwenye mashua ndogo kwa rili nyepesi za kurusha. Kundi la kwanza ndilo linalobeba biashara; matatu yaliyobaki husaidia kuziba mapengo.

Hesabu ya kuaminika ni ya rili, wala si ya watu. Mashua inayovua kwa kukokota chambo huweza kuweka majini mishipi mitano, sita au zaidi kwa wakati mmoja, na kila mshipi una rili yake. Huwa zipo na rili za akiba. Kwa hiyo mashua 10 zilizofungwa nanga katika ghuba moja zinaweza kuwa na rili 60 na zaidi. Hiyo ndiyo namba ya kuandika daftarini kabla ya kununua hata bisibisi moja.

Pamoja na idadi, andika majina na ukubwa. Rili kubwa za kukokota hutajwa kwa namba 30, 50, 80 na 130, ambazo hutokana na nguvu ya mshipi kwa ratili. Katika vipimo vya shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, IGFA, lililoanzishwa mwaka 1939, madaraja hayo ni kilo 15, 24, 37 na 60. Majina yanayokutwa sana ni Penn ya Marekani, kampuni iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1932, na Shimano ya Japani, iliyoanza mwaka 1921 na kuingia katika vifaa vya uvuvi mwaka 1970. Ikiwa ghuba yako ina Penn 40 na Shimano 20, basi unajua vipuri gani vitazunguka na vipi vitalala.

Wenye kuishi mbali na bahari wasikate tamaa kabisa. Katika Ziwa Victoria, visiwa vya Rusinga na Mfangano vimekuwa vikipokea wageni wanaovua sangara kwa fimbo, na nchini Uganda wapo wanaomfuata samaki huyo katika mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison. Rili za maji baridi hazishambuliwi na chumvi, lakini mchanga na tope huingia ndani na kuzila gia. Hata hivyo, wateja huko ni wachache na wametawanyika, na usafiri unaweza kuila faida yote.

Kalenda imegeuka

Msimu wa uvuvi wa michezo katika mwambao wa Kenya huanza Agosti na kuendelea hadi Machi au Aprili. Kaskazi, inayovuma takriban Novemba hadi Machi, ndiyo miezi ya nduaro na sulisuli. Kusi inaposhika nguvu, hasa kati ya Mei na Julai, bahari huchafuka na mashua nyingi hupandishwa kwa ajili ya rangi, injini na matengenezo mengine. Ndipo rili nazo hushushwa.

Kwa fundi, maana yake ni kwamba mwaka wake una sehemu mbili. Katika kusi hupata kazi ya jumla: mashua moja humletea rili zake zote kwa pamoja, zifunguliwe, zisafishwe na kurudishwa kabla ya Agosti. Katika msimu hupata kazi ya dharura: rili moja imekwama leo jioni na wageni wanaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Kazi ya jumla ndiyo inayorudisha mtaji. Kazi ya dharura ndiyo inayojenga jina, kwa sababu nahodha aliyeokolewa Januari ndiye atakayekuletea rili zote mwezi Mei.

Kwa hiyo mwezi mzuri wa kuanza ni Februari au Machi. Wakati huo manahodha bado wako kazini, wanazijua rili zinazowasumbua, na unaweza kuzungumza nao kabla hawajapandisha mashua. Anayefungua Agosti hukuta rili zote zimekwisha kutengenezwa.

Hesabu ya mwaka mmoja

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, na msomaji aweke bei za mahali pake. Tuseme ghuba yako ina mashua 12, na kila moja ina rili 6. Hizo ni rili 72. Tuseme mwaka wa kwanza nusu ya wenye mashua wanakuamini. Unapata rili 36 katika miezi ya kusi. Ukitoza ufundi wa shilingi 2,500 kwa rili, bila vipuri, mapato ni shilingi 90,000.

Katika miezi 8 ya msimu, tuseme unapata kazi ndogo 6 kila mwezi kwa shilingi 1,500 kila moja. Hizo ni kazi 48, sawa na shilingi 72,000. Jumla ya mapato kwa mwaka ni shilingi 162,000 kwa kazi 84.

Sasa gharama. Grisi, oili, mafuta ya taa na vitambaa, shilingi 200 kwa kila kazi, ni 16,800. Nauli ya kuchukua na kurudisha, shilingi 1,000 kwa mwezi, ni 12,000. Leseni, risiti na mengineyo, tuweke 10,000. Jumla ni 38,800. Kinachobaki ni shilingi 123,200 kwa mwaka, yaani kama 10,270 kwa mwezi.

Msomaji atazame hesabu hiyo kwa macho mawili. Ikiwa kila kazi inachukua wastani wa saa mbili, kazi 84 ni saa 168, na kila saa imelipa zaidi ya shilingi 730. Kwa saa, ni malipo mazuri. Lakini saa 168 ni sawa na mwezi mmoja tu wa ajira ya kawaida, na sehemu kubwa yake imejazana katika majira ya kusi. Kwa hiyo kazi hii hulipa vizuri lakini haijazi mwaka. Inamfaa mtu mwenye shughuli nyingine: fundi wa baiskeli au cherehani, mwenye duka dogo, mfanyakazi wa mashua anayekaa bila kazi katika kusi, au mstaafu. Anayeacha ajira yake ili kuikimbilia katika ghuba ya mashua 12 atarudi kuomba kazi kabla mwaka haujaisha.

Njia za kuongeza kipato zipo, na zote hutumia meza ile ile. Mojawapo ni kujaza mshipi mpya kwenye rili, kazi inayohitaji mkazo sawa ili mshipi usijizamishe wakati samaki anavuta. Nyingine ni kubadilisha pete za fimbo zilizopasuka. Ya tatu ni kununua rili mbovu, kuzifufua na kuziuza. Ya nne ni kuongeza ghuba ya pili, mradi nauli ihesabiwe kwanza.

Mtaji na mahali unapofia

Zana za kuanzia si nyingi: seti nzuri ya bisibisi zinazokaa sawasawa kwenye skrubu, spana ndogo, koleo la ncha nyembamba, jiliwa dogo lenye midomo iliyofunikwa kwa ngozi au mpira, miswaki ya zamani, taa yenye mwanga mkali, na visahani vyenye vigawanyo vya kuwekea vipande kwa mfuatano. Ongeza mizani ya springi ya kuning'iniza, inayopima hadi kilo 25. Tutaona faida yake baadaye.

Tuseme zana zimegharimu shilingi 25,000, grisi na oili 5,000, na vipuri vichache vya mwanzo 10,000. Mtaji ni shilingi 40,000. Katika kazi za kusi, kila rili inabakiza shilingi 2,300 baada ya vifaa vya kusafishia, kwa hiyo rili 18 zinarudisha mtaji, kabla ya nauli na leseni. Katika kazi ndogo za msimu, kila moja inabakiza 1,300, na zinahitajika rili 31. Kwa kasi ya 6 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya miezi mitano. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kuchagua mwezi usiofaa.

Mtaji wa kazi hii hufia kwenye vipuri, na ni mara chache zana kuumaliza. Rili moja ina vipande vingi, na kila toleo lina vya kwake ambavyo mara nyingi haviingii kwenye lingine. Anayeagiza vya shilingi 150,000 ili "awe na kila kitu" atakuta kwamba ana kila kitu isipokuwa springi moja inayotakiwa leo. Fedha hizo zimelala kabatini, na rili za aina hiyo zikiacha kutumika hazitaamka tena.

Weka akiba ya vile vinavyochakaa katika rili ulizokwisha kuzihesabu: washa za breki, springi na ulimi wa kuzuia mkono kurudi nyuma, na skrubu. Vingine viagizwe kwa mteja aliyekwisha kulipa. Mteja alipe bei ya kipuri chote kabla ya kuagiza, na ufundi alipe wakati wa kuchukua. Malipo kwa simu, yaliyoanza Kenya na M-Pesa mwaka 2007, yameondoa kisingizio cha nahodha kwamba mwenye mashua yuko safarini.

Bei ya kipuri kutoka nje isikadiriwe kwa kutazama orodha ya kiwanda peke yake. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, ada nyingine za kuingiza bidhaa, na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Kenya ni asilimia 16. Rili ziko katika kifungu cha forodha 9507.30, pamoja na vifaa vingine vya uvuvi wa fimbo vilivyomo katika 9507. Mwulize wakala wa forodha kipuri chako kitawekwa wapi kabla ya kuagiza. Kipande kidogo kinachosafiri peke yake huweza kugharimu usafiri zaidi ya bei yake, kwa hiyo kusanya maagizo. Kagua rili za wateja Februari na Machi, agiza mara moja kwa pamoja, na vipuri vitafika mashua zinapopandishwa.

Beringi ni habari njema. Nyingi ni za vipimo vya kawaida vinavyotumiwa na viwanda vingi. Pima tundu la ndani, upana wa nje na unene kwa milimita, kisha nenda kwenye maduka ya beringi mjini. Uulize ya chuma kisichoshika kutu, maana ya kawaida haitamaliza msimu mmoja wa chumvi.

Kazi mezani

Adui mkuu ni chumvi. Maji ya bahari yakikauka ndani ya rili huacha chembe ambazo huvuta unyevu, hula beringi na kukwamisha skrubu. Skrubu ya chuma kisichoshika kutu ikikaa katika bodi ya alumini penye chumvi, alumini hulika na kuibana. Anayeilazimisha huharibu kichwa cha skrubu, na kazi ya saa mbili huwa ya siku mbili. Dawa ni mafuta ya kupenyeza, joto kidogo na subira. Wakati wa kurudisha, kila uzi wa skrubu upakwe grisi ya kuzuia maji ya bahari, ili mwakani ifunguke bila vita.

Kila rili ifunguliwe kwa mpango mmoja. Piga picha kwa simu katika kila hatua. Panga vipande kwa mfuatano wa kutoka. Safisha kwa mafuta ya taa mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara; petroli isitumike ndani ya nyumba kabisa. Washa za breki zisiingie katika mafuta hayo. Kausha, kagua, badilisha kilichochakaa, paka grisi kwenye gia na oili nyepesi kwenye beringi zinazozunguka kwa kasi. Beringi yenye mikwaruzo hujulikana kwa kidole na kwa sikio: huzunguka kwa kukwaruza kama iliyotiwa mchanga.

Sehemu mbili zinataka tahadhari. Ya kwanza ni breki. Zipo zinazotakiwa kuwa kavu kabisa na zipo zinazotakiwa kupakwa grisi maalumu kidogo. Fuata maelekezo ya kiwanda kwa toleo hilo. Tone la oili kwenye breki kavu huweza kuifanya iteleze na kuruka. Ya pili ni beringi ya kuzuia mkono usirudi nyuma. Ikijazwa grisi nzito, vijiti vyake having'ati, na mkono huweza kumrukia mvuvi samaki anapovuta.

Viwanda vikubwa hutoa michoro inayoonyesha kila kipande na namba yake, na mingi hupatikana kwenye intaneti bila malipo. Anayejifunza atafute rili tatu au nne kuukuu, azifungue na kuzifunga hadi azifunge bila kipande kubaki mezani. Rili ya mteja si mahali pa kujifunzia.

Sasa ile mizani. Breki ya rili ya kukokota huwekwa kwa kawaida kwenye karibu theluthi moja ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 24 hupata breki ya kilo 8 hivi, wa kilo 37 hupata kama 12, na wa kilo 60 hupata 20. Funga mshipi kwenye mizani, vuta taratibu, na soma namba wakati rili inapoanza kuachia na inapoendelea kuachia. Namba hizo mbili zikikaribiana, breki ni laini. Ziandike kwenye kadi ndogo, pamoja na tarehe na vipuri vilivyobadilishwa, na ifunge kwenye rili. Nahodha anayepokea rili yenye kadi hiyo haulizi kama kazi imefanyika.

Mwisho, mfundishe mteja kuosha. Baada ya safari, breki ikazwe kidogo, rili inyunyiziwe maji baridi taratibu, ifutwe, kisha breki ilegezwe kabla ya kuwekwa. Maji ya nguvu ya bomba huisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Wapo mafundi wanaoogopa kwamba mteja anayeosha vizuri hatarudi. Atarudi kila kusi, na rili zake zitakupa kazi nyepesi kwa bei ile ile.

Mali ya watu nyumbani mwako

Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaihesabu. Rili kubwa mpya ya kukokota huuzwa kwa mamia ya dola za Marekani, na zile kubwa zaidi hufikia hata dola elfu moja. Ukiwa na rili 20 zenye thamani ya dola 500 kila moja, umelaza dola 10,000 katika chumba cha nyumba yako, wakati mtaji wako wote ni shilingi 40,000. Wizi wa usiku mmoja unaweza kukuachia deni la miaka.

Kinga ya kwanza ni kutokusanya. Chukua rili za mashua moja, zimalize, zirudishe, ndipo uchukue za nyingine. Kinga ya pili ni kabati la chuma lenye kufuli, na kutozionyesha kwa wapita njia. Kinga ya tatu ni karatasi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila rili ipokelewe kwa stakabadhi yenye jina la kampuni, toleo, namba kama ipo, kasoro zinazoonekana, jina la aliyeileta na jina la mwenye mali. Pande zote mbili zitie sahihi. Andika pia muda ambao mteja anatakiwa kuichukua.

Tofautisha aliyeileta na mwenye mali. Mara nyingi nahodha ndiye mletaji na mwenye mashua ndiye mlipaji. Bei ikubaliwe na mlipaji kabla ya kazi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, la sivyo utajikuta katikati ya ugomvi usio wako.

Jifunze pia kukataa. Ukarabati ukizidi nusu ya bei ya rili mpya ya aina hiyo, mwambie mteja wazi na umwachie aamue. Rili nyepesi za bei rahisi mara nyingi hazistahili kufunguliwa, kwa kuwa hazina vipuri. Ukizikataa unapoteza shilingi 1,500 leo, lakini unaepuka lawama ya kesho.

Leseni na tahadhari

Kufanya kazi nyumbani hakumwondolei mtu wajibu. Nchini Kenya, leseni ya biashara hutolewa na serikali ya kaunti, na namba ya mlipakodi, yaani PIN ya KRA, huhitajika. Ukipanga nyumba, pata kibali cha mwenye nyumba, hasa kwa sababu ya mafuta ya taa. Mahoteli na kampuni za mashua hazitakupa kazi ya kudumu bila risiti halali.

Tahadhari ya mwisho ni kwamba soko hili limefungwa kwenye utalii, na utalii huweza kusimama kwa siku moja. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, safari za ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa Kenya kuanzia mwisho wa Machi hadi 1 Agosti. Mashua isiyokwenda baharini haiharibu rili, na mwenye mashua asiye na wageni hana fedha ya fundi. Mwenye kuingia humu kwa mkopo wa marejesho ya kila mwezi ajiulize atalipa nini katika mwezi kama huo. Kwa kazi yenye miezi mitatu ya mavuno, fedha ya kuanzia iwe akiba.

Kwa msomaji ambaye bado ana hamu, kazi ya kwanza haigharimu chochote isipokuwa nauli. Tumia wiki moja ya Februari kwenye ghuba iliyo karibu nawe. Hesabu mashua, hesabu rili, andika majina yake, na waulize manahodha watano rili zao hupelekwa wapi zikiharibika na hukaa siku ngapi. Ukikuta rili zisizofika 50, au fundi mzuri aliyekwisha kuaminika, weka akiba yako mahali pengine. Ukikuta rili 70 zinazosafirishwa mji mwingine na kukaa wiki tatu, nunua bisibisi.